Jumuiya ilinilea, sasa ninafungua karakana yangu: nijenge ndani yake au kando yake?

BARUA

Bi Mshauri, shikamoo.

Ama baada ya salamu, mimi ni mama wa watoto wawili, nina miaka 34, na ninaishi Mombasa. Kazi yangu ni uchoraji. Kwa miaka saba niliajiriwa katika duka la uchapishaji, nikipanga kadi za harusi na mabango, na usiku watoto wakishalala nilichora vitu vyangu mwenyewe: milango ya Lamu, majahazi, wanawake waliojitanda leso wakisubiri feri ya Likoni. Mwaka 2021 rafiki yangu alinionyesha namna ya kuuza picha hizo kama NFT, yaani hati za kidijitali za umiliki wa picha, katika jumuiya moja ya blokicheni, yaani watu wa nchi mbalimbali wanaotumia daftari moja la kidijitali ambalo nakala zake hutunzwa na kompyuta nyingi, hivi kwamba hakuna mtu mmoja anayeweza kulifuta. Mwaka ule picha zangu 11 zilinunuliwa, na nilipozibadilisha tokeni nilizolipwa, yaani sarafu za kidijitali za jumuiya hiyo, nilipata kodi ya nyumba ya miezi minane na karo ya mdogo wangu.

Jumuiya ile haikuwa soko tu kwangu. Nilipofanyiwa upasuaji mwaka 2022, watu ambao sijawahi kuwaona kwa macho walichanga, na mchango wao ulinifikia kabla ya ule wa ukoo wangu. Walinifundisha kupanga bei, na walikuwa wakinijulia hali hata miezi ambayo sikuwa na picha ya kuuza. Nami nikaleta wengine. Niliwafundisha wasichana sita wa mtaani kwetu, na leo wote wana tokeni za jumuiya hiyo katika pochi zao za kidijitali.

Mwaka 2023 niliacha kazi ya kuajiriwa. Sasa nataka kufungua karakana ya kubuni leso za harusi na za vikundi, kadi, na picha za ukutani. Vikundi vitatu vya wanawake vimeniagiza leso za sare, na mwenye duka mmoja wa Biashara Street amesema yuko tayari kuziweka dukani mwake.

Tatizo ni kwamba jumuiya yenyewe imetikisika. Tokeni yetu imeshuka hata haifiki sehemu ya kumi ya bei iliyokuwa nayo nilipojiunga, na theluthi mbili za akiba yangu bado zimo humo. Waanzilishi na wanachama wanagombania hazina: wako wanaotaka tuhamie mnyororo mwingine, yaani blokicheni nyingine, na wako wanaotaka hazina igawanywe kila mtu ashike njia yake. Kura itapigwa baada ya miezi miwili, nayo huhesabiwa kwa wingi wa tokeni, si kwa vichwa. Na katikati ya mtafaruku huo, ombi langu la ruzuku limepitishwa. Ni tokeni zenye thamani ya shilingi 480,000 kwa bei ya siku ile, zitakazolipwa kwa awamu nne katika mwaka mmoja. Masharti ni kwamba karakana ibebe jina la jumuiya, alama yao ionekane katika kila bidhaa, na michoro yote iwekwe katika maktaba ya pamoja ambayo mwanachama yeyote anaweza kuitumia.

Kwa majaribio nilitengeneza jozi 40 za leso zenye alama hiyo katikati ya mji wa leso, yaani sehemu yake ya ndani ya pindo, nikazipeleka kwenye nyumba ya harusi Kisauni. Shangazi wa bi harusi aliitandaza moja juu ya mkeka, akapitisha kidole kwenye pindo, akalisoma jina kwa sauti, kisha akakiweka kidole juu ya ile alama. Akaniuliza, "Na huyu ni nani tena, aliyeingia katika mji wa leso yetu?" Sikuwa na jibu. Alizinunua, lakini alisema za dada yake zisiwe nayo.

Mume wangu ananiambia niuze tokeni zote nitoke, kwa kuwa yeye haya mambo hayaelewi. Mama yangu amesema mali bila daftari huisha bila habari, lakini hilo daftari langu lina kila kitu isipokuwa jina la mteja. Nikiikubali ruzuku nahofia kuzama pamoja nao. Nikiikataa nitaonekana nimewakimbia walionishika mkono. Nifanye nini, Bi Mshauri?

Mchoraji wa Leso, Mombasa

JIBU

Marahaba, mwanangu. Pole kwa mzigo huu, na hongera kwa jozi 40 zilizonunuliwa zote, jambo ambalo umelipitia haraka mno katika barua yako kana kwamba si kitu.

Hukuniuliza kama blokicheni ni nzuri au mbaya, nami sitalijibu swali ambalo hukuliuliza. Ninavyokuelewa, una kazi inayoanza kusimama kwa miguu yake, una watu waliokuinua ulipokuwa kitandani, na una fedha ulizoahidiwa na watu hao kwa masharti, katika wakati ambao wao wenyewe hawajui kama baada ya miezi miwili watakuwa bado nyumba moja. Vyote hivyo umevifunga katika fundo moja la leso, na unaogopa kwamba ukilifungua ili utoe kimoja, vingine vitamwagika. Hebu tulifungue taratibu.

Nianze na shukrani, maana ndiyo inayokuuma zaidi. Unasema ukiikataa ruzuku utakuwa umewakimbia waliokushika mkono. Lakini waliochanga wakati wa upasuaji wako walikuwa watu, kila mmoja kwa nia yake, na ruzuku hii inatoka katika hazina, kwa masharti yaliyoandikwa na kupigiwa kura. Je, kati ya wale waliokuchangia, yuko aliyekuambia kwamba ulipaji wake ni alama katikati ya leso? Na kama jumuiya itagawanyika, nina hakika wafadhili wako hao watakuwa pande zote mbili. Utamwonyesha nani uaminifu wako, na utamwonyeshaje kwa kubeba jina ambalo huenda wao wenyewe wanaligombania? Sisemi hudaiwi kitu. Nasema huenda deni hilo lina njia nyingine za kulipwa, na wewe umeona moja tu kwa sababu ndiyo iliyokuja na karatasi ya kutia saini.

Mgawanyiko wa namna hii si jambo la kufikirika. Mwaka 2020 uliipata jumuiya ya Steem, ambamo waandishi na wapiga picha wengi walikuwa wakilipwa tokeni kwa kazi zao. Mwezi Februari Justin Sun, mwanzilishi wa Tron, blokicheni nyingine, aliinunua kampuni iliyoanzisha mtandao huo pamoja na akiba yake kubwa ya tokeni, na wanachama wakaona kura zao zitamezwa. Tarehe 20 Machi sehemu kubwa yao walijitenga wakaanzisha mnyororo mpya, Hive, wakanakili humo salio za akaunti nyingi kutoka daftari la zamani. Waliolala ndugu wakaamka na maskani mbili. Katika vuta nikuvute hiyo, baadhi ya masoko ya kubadilishia sarafu yalipiga kura kwa tokeni ambazo wateja wao walikuwa wameziweka hapo kwa kuhifadhiwa tu. Ndiyo maana nakuuliza jambo ambalo hukuligusa: tokeni zako ziko katika pochi ambayo funguo zake unazo wewe mwenyewe, au ziko mikononi mwa soko? Kura yako inaweza kuwa ndogo, lakini ni vyema ujue ni nani atakayeipiga.

Sasa nije kwenye jambo ambalo ningekusihi ulikalie kitako kabla ya kutia saini popote, nalo ni michoro yenyewe. Kifungu cha 31 cha Sheria ya Hakimiliki ya Kenya ya mwaka 2001 kinasema kwamba kazi ikitengenezwa kwa kuagizwa na mtu mwingine, hakimiliki yake huhesabiwa kuwa imehamia kwa aliyeagiza, isipokuwa pande mbili zimekubaliana vinginevyo. Lisome hilo polepole, maana linakugusa mara mbili. Kwanza, ruzuku inayokulipa ili utengeneze michoro fulani inaweza, siku ya ugomvi, kuitwa agizo. Pili, vile vikundi vitatu vya wanawake vilivyokuagiza leso za sare navyo ni waagizaji. Kama hujaandikiana nao lolote, huenda michoro yao si yako kuitoa, na wewe sasa unataka kuahidi kuiweka katika maktaba ya watu wengine.

Acha sheria kidogo, tazama leso yenyewe. Wewe unajua kuliko mimi kwa nini kikundi huagiza sare. Wanataka siku ya shughuli waingie ukumbini wakiwa wao, na jina lao juu ya pindo ambalo halijavaliwa na mwingine. Mchoro huo ukiwekwa mahali ambapo mwanachama yeyote duniani anaweza kuuchapisha, umewauzia nini? Wale akina mama hawatakuja kukushtaki. Watanyamaza, na shughuli ijayo watamtafuta mchoraji mwingine. Hapa naona nafasi ya mazungumzo ambayo huenda hukuifikiria, kwa kuwa umeyachukua masharti kama kitu cha kukubali chote au kukataa chote. Unaweza kuwauliza kama maktaba ya pamoja ingepokea michoro ya aina fulani tu, kwa mfano picha utakazochora mahususi kwa ajili yake, na kazi za wateja zikabaki nje. Unaweza pia kuomba iandikwe wazi kwamba hakimiliki inabaki kwako na jumuiya inapewa ruhusa ya kutumia tu. Wanaweza kukataa. Ila jinsi watakavyokukatalia au kukukubalia itakuonyesha mengi kuhusu watu utakaobeba jina lao mwaka mzima.

Kuhusu fedha zenyewe, nilichukua kalamu. Shilingi 480,000 kwa awamu nne ni 120,000 kila awamu, lakini hiyo ni bei ya siku ya kupitishwa. Tuseme awamu ya kwanza inafika kamili, kisha tokeni inashuka nusu na kubaki hapo. Zilizobaki zitakuwa 60,000 mara tatu, na jumla utakuwa umepata 300,000. Mwenye nyumba yeye hapokei tokeni. Ukipanga chumba cha shilingi 18,000 kwa mwezi na kumlipa msaidizi mmoja 15,000, mwaka utakudai 396,000 kabla hujanunua hata kipande cha kitambaa. Upungufu wa 96,000 utatoka wapi? Najua bei inaweza kupanda pia, na wapo waliopata. Lakini ahadi zako zote ziko katika shilingi na mapato haya yako katika kitu kingine, kwa hiyo pengo hilo litakuwa juu ya mabega yako, si ya jumuiya. Wako wanaoomba walipwe kwa sarafu iliyofungwa na thamani ya dola, nalo ni ombi la haki, ingawa hata hizo hazilingani kwa uimara. Mojawapo, iliyoitwa UST, ilitakiwa kuwa dola moja daima, na mwezi Mei 2022 ilianguka pamoja na akiba za watu wengi. Wengine hupanga gharama zao kwa awamu ambayo tayari imeshafika mkononi na kubadilishwa, na ile isiyofika huihesabu kama mvua. Ukifuata njia hiyo, karakana yako itaanza ndogo kuliko unayoiota, labda kwa meza moja sebuleni. Unaweza kuivumilia?

Maneno ya mama yako nimeyanakili pembeni mwa dawati langu. Ni kweli kwamba daftari lile linaonyesha kila mauzo, siku na saa, na hilo si jambo dogo kwa msanii anayetaka kuthibitisha kwamba alichora mapema kuliko aliyemwiga. Lakini mnunuzi humo ni mstari wa herufi na tarakimu. Mwaka 2021 soko la sanaa lililoitwa Hic et Nunc, lililojengwa juu ya blokicheni ya Tezos, liliwavuta wachoraji wengi wasio na mtaji kwa sababu gharama yake ilikuwa ndogo sana, na mwezi Novemba mwaka huo huo mwanzilishi wake alilifunga ghafla. Kazi hazikupotea, kwa kuwa zilikuwa katika mnyororo na faili zilitunzwa kwingine, na wanachama walianzisha nakala za soko hilo upesi. Walipata hasara ya namna nyingine: anwani waliyowapa wateja, ile waliyoiandika kila mahali, haikuwapeleka tena popote. Je, wale walionunua picha zako 11, unawajua wangapi kwa jina? Wangapi ungeweza kuwaandikia kesho na kuwaambia kwamba umehama? Faili asilia za michoro yako ziko wapi usiku huu? Hayo unaweza kuyatafutia jibu wiki hii, kura iwe imepigwa au haijapigwa, na hayamkosei adabu mtu yeyote.

Tena usitegemee sana mrabaha wa picha zikiuzwa mara ya pili, kama ulikuwa umeuweka katika hesabu. Agosti 2023 OpenSea, soko kubwa la NFT, lilitangaza kwamba malipo hayo kwa wasanii yatakuwa ya hiari, na ahadi iliyowavuta wengi ikawa hisani ya mnunuzi.

Upande wa pili wa fundo, ule wa kujitegemea, nao nataka uutazame bila kuupamba. Mwenye duka wa Biashara Street anaweza kuwa bwana mkali kuliko jumuiya yoyote. Atachukua mzigo kwa mkopo, atalipa anapotaka, na akigundua kwamba hakuna duka jingine linalouza leso zako atakupangia bei. Ramadhani ikiingia harusi husimama. Kikundi kitaagiza jozi 60, kitatoa arubuni ya jozi 20, na shughuli ikiahirishwa utabaki na kitambaa chenye jina la watu ambacho huwezi kumuuzia mwingine. Na katika barua yako yote hukunitajia jozi moja inakugharimu kiasi gani na inakubakishia nini. Naomba uijue hesabu hiyo kabla ya kuamua lolote, kwa sababu inawezekana kwamba hofu yako yote umeielekeza kwa jumuiya, ilhali sehemu ya hatari inakaa kimya upande huu. Kujiepusha na ruzuku kutakupa uhuru wa mchoro na kukunyima mtaji na wateja wa ng'ambo kwa wakati mmoja. Wako wanaoweza kungoja hivyo miaka miwili, na wako ambao watoto wao hawawezi.

Kuna pia kungoja tu hadi kura ipite. Ni busara, lakini uliza kwanza kama ruzuku yako itaendelea kuwepo hazina ikigawanywa, na kama kuna tarehe ya mwisho ya kutia saini.

Mambo ya serikali nayapitia haraka. Jina la biashara lisajiliwe kwa jina lako. Ile kodi ya 3% juu ya kila uhamisho wa mali ya kidijitali, iliyoanza Septemba 2023, iliondolewa na Sheria ya Fedha ya 2025, na badala yake ukaja ushuru wa 10% juu ya ada zinazotozwa na watoa huduma. Lakini mapato yako ya biashara bado ni mapato. Oktoba 2025 ilitiwa saini pia sheria ya kuwasimamia watoa huduma wa mali hizi, chini ya Benki Kuu na Mamlaka ya Masoko ya Mitaji, kwa hiyo anayekubadilishia tokeni kuwa shilingi muulize amesimama wapi katika leseni.

Mume wako unasema hayaelewi haya mambo. Inawezekana. Lakini mtu asiyeelewa blokicheni anaweza kuwa anaelewa vizuri sana kwamba theluthi mbili za akiba ya nyumba yenu ziko mahali pamoja. Umewahi kukaa naye na karatasi, ukamwonyesha kiasi ambacho mkikikosa watoto bado watakwenda shule, na kiasi ambacho mkikikosa hawatakwenda? Pengine kati ya kuuza zote na kutouza hata moja kuna mahali ambapo nyote wawili mnaweza kulala usingizi.

Nimewaacha wale wasichana sita mwisho kwa kuwa nadhani ndio wanaokuamsha usiku, ingawa umewataja kwa sentensi mbili tu. Wao waliingia kwa kukuamini wewe, si kwa kuamini daftari. Unaweza kuwaita kabla ya kura, uwapikie chai, na kuwaambia unachokijua na usichokijua, kwa shilingi na si kwa tokeni, bila kuwaamulia. Hofu yako ni kwamba watakuona umeshindwa. Labda. Mimi naona wasichana ambao tayari wanajua kuchora, na karakana inayohitaji mikono, na nashindwa kuziona habari hizo mbili kama vitu tofauti.

Na swali la yule shangazi wa Kisauni, nalo usiliache lipite. Katika leso kuna pindo, kuna mji, na kuna mahali pa jina, na yeye hakusema alama ile iondoke duniani. Alikuuliza ni nani, na kwa nini imekaa katikati. Chora karatasi tatu: moja ikiwa na alama ya jumuiya katikati ya mji, moja ikiwa nayo ndogo kwenye lebo ya kushonea, na moja isiyo nayo kabisa. Ziweke mbele yako, kisha umwite na shangazi huyo azione. Ukishazitazama, niandikie uniambie mkono wako ulikwenda kwa ipi, na ulijisikiaje.